Kopo la Siku Tano

Émerance alituacha Jumanne, saa nne ya asubuhi, katika chumba cha uzazi, nusu saa baada ya kumzaa Deborah. Damu haikukoma. Muuguzi alinipa mtoto akiwa amefungwa katika kitenge ambacho mama yake alikuwa amekifua Jumapili. Alikuwa na kilo mbili na gramu mia moja. Niliambiwa nimkinge na baridi. Nilirudi Hewa Bora, mtaani kwetu, nimembeba kifuani, na njia nzima niliwaza jambo moja tu: sijui Émerance aliweka wapi kiberiti.

Ninaandika ili nisisahau namna alivyoishi ndani ya nyumba hii. Hakutupa kitu. Vumbi la makala lililobaki chini ya gunia alilikanda na udongo wa kichuguu, akatengeneza madonge, akayaanika, na madonge hayo yaliwaka katika mbabula, jiko letu la makaa, mpaka maharagwe yakaanza kulainika. Kisha alitoa sufuria motoni, akaifunga ndani ya katoni pamoja na blanketi kuukuu, na mchana tulikuta maharagwe yameiva yenyewe, bila moto. Maji ya kusuuzia nguo yalipiga deki. Na karibu kila kitu alikiongeza maji: tomati ya kopo, sabuni ya maji, mchuzi wa kapenta, wale dagaa wakavu. Mwaba, mwenzangu wa kupakia magunia kwenye depo, alikuwa akimtania kwamba akipewa sardini moja, parokia nzima itakula na mbwa wa padri atabakiziwa. Émerance alimjibu kwamba padri hana mbwa, ana Mwaba.

Wiki ya kwanza dada yangu mkubwa, yaya Jeanne, alikaa nasi. Mtoto alipokuwa baridi miguuni, nilichukua ile katoni ya maharagwe. Tulitandika blanketi, tukajaza chupa mbili maji ya moto, tukazifunga katika vitambaa, tukaziweka pembeni yake. Asubuhi miguu ilikuwa na joto. Nililia hapo, kwa sababu ilikuwa kama Émerance mwenyewe amempokea.

Yaya Jeanne alipaswa kurudi kwenye shamba lake kule Annexe, nje ya mji, magugu yalikuwa yanamaliza mahindi. Kabla ya kuondoka aliniita nje. Kwetu, mtu aliyefiwa na mke anabaki na kifo mwilini mpaka ndugu za marehemu waje kumwachilia.

"Anselme, bado haujaachiliwa," aliniambia. "Usiingie mu nyumba ya muntu mwenye mutoto wa ziwa. Na usiombe bibi ya muntu ziwa. Utamuulia mutoto wake. Ngoja ba famille ya Émerance."

Ndugu hao wako Kilwa ya huku kwetu, mbali na mji. Mvua ilikuwa imekata barabara, na lori lililokuwa linawaleta lilikuwa limekwama.

Maziwa ya unga ya wiki ya kwanza yalikuwa yamekwisha, nikabaki na kopo moja, ambalo wenzangu wa depo walichangia. Muuguzi alikuwa amesema kopo hilo ni la siku tano, labda sita. Mimi sikuwa nimerudi kazini, na lori lilikuwa bado njiani. Niliketi mbele ya kopo nikafanya kile ambacho Émerance angefanya. Pale palipoandikwa vipimo viwili, niliweka kimoja, na maji yaleyale. Siku ya tatu nikapunguza tena. Deborah alilia sana mwanzoni, kisha akapungua, kisha akanyamaza. Alilala. Nilipomwamsha alinyonya kidogo, akalala tena. Nilimshukuru Mungu. Niliona amezoea.

Siku ya tisa tangu nilifungue, kopo lilikuwa bado na unga, na mimi nilijisikia kama mtu aliyefaulu.

Jirani yetu Sephora ni mfanyabiashara wa maharagwe, mtu wa Butembo, ambako hawana mila yetu hii. Ana mtoto wa miezi minane, Osée. Siku hiyo alisimama nyuma ya ukuta mfupi unaotenganisha nyua zetu.

"Papa Deborah, siku mbili sisikie mutoto. Iko wapi?"

"Iko analala. Amekuwa mupole, hasumbuake tena."

"Mutoto wa wiki mbili anakosa kulia, ule si mupole. Ule anaisha."

Alizunguka kuja mlangoni. Nilimzuia kwa mkono. Nilimweleza kwamba sijaachiliwa, kwamba yeye ana mtoto, kwamba nisingetaka kifo changu kimfuate Osée. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ninaweka vipimo vingapi vya maziwa. Nilimwambia. Nilimwambia pia kwa nini: Émerance aliongeza maji kwenye tomati, na sisi sote tulikula, hakuna aliyekufa.

Sephora hakucheka. "Tomate inakamataka maji. Mutoto hapana. Toka ku mulango, Papa Deborah. Ile mambo yenu tutaongea nayo kisha."

Nilitoka mlangoni.

Deborah hakuwa na nguvu ya kuvuta ziwa. Sephora alikamua maziwa yake katika kikombe, akamtilia mdomoni tone kwa tone kwa kijiko, huku akimkuna nyayo asilale. Ilichukua saa nzima. Kisha alimfunga mgongoni na tukaenda kituo cha afya, yeye mbele, mimi nyuma kama mtoto aliyekosea. Mizani ilisema kilo moja na gramu mia nane. Muuguzi aliuliza maswali yaleyale ya Sephora, na nilijibu majibu yaleyale, kwa sauti ya chini zaidi. Walimlaza siku sita.

Nimeandika katika daftari hili mbinu zote za Émerance ninazokumbuka. Karibu na ile ya maji nimeandika: si kwa maziwa. Yeye asingehitaji kuandikiwa hivyo. Angejua.

Osée hajaugua. Yaya Jeanne bado hajaambiwa.

Lori la Kilwa halijafika, nami sijaachiliwa, kwa hiyo siingii kwa Sephora. Usiku ninampa Deborah maziwa ya kopo, vipimo kamili. Kila siku, saa kumi na mbili asubuhi, saa sita na saa kumi na mbili jioni, ninamnyanyua Deborah juu ya ukuta, naye Sephora anampokea upande wa pili, amnyonyeshe.