Sukari ya Matanga

Baada ya kupiga deki zahanati ya Kianda, ambako hujitolea bila mshahara, Kathini alivaa tisheti ya shirika linaloiendesha, akaketi mbele ya simu na kusimulia jinsi mama yake alivyokufa. Everlyne, msimamizi wa ukurasa wa shirika mtandaoni, alikuwa amewaambia wanaojitolea kwamba kila mmoja alete hadithi yake, maana watu hawafuati ukurasa wenye picha za ndoo na mifagio.

Jioni Kathini alirudi Kawangware, akamkuta mama yake kitandani, udongo wa Kitui ukiwa bado mabegani. Mama alikuwa kaburini huko Kitui mwaka wa tatu sasa. Alikunywa uji, akakohoa vile alivyokohoa zamani, na kabla ya giza kuingia akafa. Majirani wa ploti wakaja na sukari na majani chai kama desturi ilivyo, wakaimba, wakarudi kwao. Asubuhi kitandani kulikuwa na udongo tu. Kathini akaufagia.

Everlyne hakuridhika. Sauti ilikuwa mbovu, warudie. Kisha machozi yalichelewa. Kisha akataka video fupi, kisha nyingine ya Krismasi. Kila hadithi iliposimuliwa, Mama Kathini alitoka Kitui, akakohoa, akafa. Jirani Mbuvi wa chumba cha pili akaanza kununua sukari pakiti mbili mbili.

Mwishowe Kathini alimweleza Everlyne yote, akidhani ataona aibu. Everlyne alimsikiliza kichwa kimeinama upande, kama mtu anayechagua kitambaa.

"Woi, pole sana," akasema. "Sasa, anaweza kufa saa kumi? Hiyo saa jua iko poa kwa video."

Aliyasema hayo akitafuna samosa, kisha akajifuta midomo vizuri kwa tishu. Ni uchafu, na sina jina lingine la kuuita.

Kathini alikataa. Alisema mama yake aachwe apumzike. Everlyne hakugombana naye. Alisema hadithi sasa ni ya jamii nzima ya shirika, akampa Eugene wa mtaa wa Olympic, ambaye pia anajitolea, lakini hakuwahi kufiwa na mtu na kwa hiyo hakuwa na la kusimulia. Asubuhi moja Eugene aliisimulia vizuri sana. Alisema "mama yangu" bila kukwama.

Kathini alikuwa amesikia habari hiyo. Alipika uji, akangoja. Ilipofika saa nane uji ulikuwa umefanya utando na kitanda kilikuwa kitupu. Akampigia Eugene.

"Ako hapa kwetu," Eugene akasema. "Ameniuliza kama nimekula."

Kathini alipitia dukani, kisha akaenda Olympic. Mama yake alikuwa amelazwa kwenye kochi karibu na dirisha, akikohoa, mkono wake mkononi mwa Eugene. Everlyne alikuwa ameinua simu. Majirani walikuwa wameanza kuketi. Mama alimtazama Kathini kwa adabu, vile mtu humtazama mgeni aliyetoka mbali.

"Asante kwa kuja kutusaidia, mama," akamwambia, kisha akafa.

Jua lilikuwa poa. Kathini akaweka sukari yake mezani, pamoja na ya wengine.