Sauti Iliyohamia Kwenye Friji

Shangazi alikuwa amesimama jikoni akipanga vifuko vya maji kwenye friji, viwe barafu ya kuuza kesho yake, wakati friji ilipoanza kupiga gitaa. Mwanzoni alidhani ni mota. Aliipiga ubavuni kwa kiganja, kama alivyozoea kuifanya ikinguruma vibaya, lakini mngurumo ulipanda, ukashuka, ukarudi pale ulipoanzia, kwa mpangilio. Mpangilio huo aliufahamu. Ulikuwa ukipigwa kila siku kwenye chumba cha pili na mtoto wa kaka yake. Akafunga mlango wa friji, akavuta kigoda, akaanza kumenya vitunguu.

Jua lilikuwa halijazama binti aliporudi, gitaa mgongoni, amplifaya yake ya kukuzia sauti ikiburuzwa kwenye kitoroli chenye gurudumu moja bovu.

"Ule wimbo wa taratibu mmeukimbiza," shangazi alisema.

"Umejuaje? Hukuja."

"Nimekusikia kwenye friji. Na besi yako imenipasulia mayai mawili."

Binti aliegemeza gitaa ukutani, akachungulia mayai. Yalikuwa yamepasuka kweli. Akaomba radhi, akanawa mikono, akala. Kilichomkaa kooni si habari ya friji. Kilichomkaa kooni ni kwamba ukumbini hakuna mtu aliyemsikia, hata yeye mwenyewe. Alikuwa ametazama vidole vyake vikienda na kurudi kama vidole vya mtu anayeosha vyombo nyuma ya kioo.

Bendi yao ilipiga muziki wa roki kila Jumamosi alasiri, katika ukumbi uliokuwa zamani ghala la matairi. Wenzake walimwita Ridhimu, kwa sababu gitaa lake lilikuwa la ridhimu, lile linaloushikilia wimbo usianguke wakati gitaa la solo linapotembea huku na huko. Solo ilipigwa na Radi. Radi ndiye pia aliyekuwa kiongozi wa bendi. Jina na cheo alijipa mwenyewe, siku moja.

Kosa la kwanza lilikuwa la Ridhimu, na alilijua kabla hajamaliza kula. Sauti yake aliitengeneza chumbani, peke yake, amekaa kitandani. Pale chumbani ilikuwa tamu mno: besi imejaa, sauti ya kati imepunguzwa mpaka karibu na mwisho, na pedali ya mkoromo imefunguliwa mpaka nyuzi zinaunguruma bila kuguswa. Godoro lilitetemeka na moyo wake ukatetemeka nalo. Lakini ukumbini hakuna godoro. Mpiga besi alikuwa amekwisha kukalia chini, matoazi ya dramu yamekalia juu, na Radi amekalia katikati, pale pale alipopaacha wazi Ridhimu mwenyewe. Sauti yake iliuzunguka ukumbi ikitafuta pa kukaa, ikakosa, ikaenda penye nafasi. Friji ya shangazi, mwisho wa mwezi, ilikuwa na nafasi ya kutosha.

Wiki hiyo akaanza upya. Aliweka nyuzi nene zaidi, zisizolegea akizipiga kwa nguvu. Kipande laini cha plastiki alichokuwa akipigia alikitupa, akachukua kigumu, ili kila pigo lijulikane limeanzia wapi. Mkoromo aliupunguza nusu. Besi akaishusha. Sauti ya kati akaipandisha mpaka gitaa likasikika kama mtu mwenye mafua anayebishana.

Shangazi alichungulia mlangoni, kisu cha vitunguu mkononi. "Hiyo ndiyo umeichagua?"

"Si ya hapa, shangazi. Ni ya kule."

"Basi ipeleke upesi."

Ukumbini aliinua amplifaya akaiweka juu ya kreti la soda. Ikiwa sakafuni ilikuwa ikiyapigia magoti yake, na magoti hayana masikio.

Jumamosi hiyo akasikika. Wimbo wao mkubwa huanza na gitaa lake peke yake, mapigo aliyoyatunga ameketi kwenye ngazi za nyumba yao, umeme umekatika. Yalipotoka, watu waliokuwa wakiongea waligeuza shingo. Mwanamume aliyebeba vinywaji alisimama katikati ya njia, na waliokuwa nyuma yake wakasimama pia, bila kumlaumu. Nyumbani friji iligandisha maji yake kimya kimya.

"Leo nimejua tuko wimbo gani," mpiga dramu alimwambia wakifungasha vyombo. Waliokuwa karibu walimwita Kishindo, na huo ulikuwa ndio urefu wa maongezi yake kwa mwezi mzima.

Radi hakufungasha. Alikwenda kwa fundi mitambo, aliyekuwa akikunja nyaya nyuma ya miksa, mashine ya kupandishia na kushushia sauti za vyombo.

"Kuna kitu kinanikwaza hapo katikati."

"Ni gitaa," fundi alisema.

"Gitaa ni hili hapa."

"La mwenzako."

"Ahaa. Basi lishushe."

Fundi akalishusha. Alikuwa mtu mpole, asiyependa maneno. Jumamosi iliyofuata shangazi alifungua friji achukue nyanya, akakaribishwa na gitaa safi, lisilo na besi ya ziada, kila pigo na mwanzo wake. Aliuacha mlango wazi. Mlango ukiwa wazi sauti ilikuwa kali na ya karibu. Ukifungwa, ilizama kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Jirani wa kushoto alikuja kuuliza. Akarudi kwake, akaja na kiti.

Ridhimu hakukata tamaa, jambo ambalo baadaye alilijutia kidogo. Aliazima amplifaya yenye nguvu zaidi. Radi akageuza yake imwelekee fundi. Alibadilisha sumaku za gitaa zinazonasa mlio wa nyuzi, akaweka zenye sauti nyembamba itakayopenya. Fundi, kwa ishara ya kidole cha Radi, akamshusha tena. Kila alichokirekebisha kwa ajili ya ukumbi kilineemesha jikoni. Majirani walijaa mpaka kibarazani, shangazi akawa anauza barafu yote kabla ya wimbo wa mwisho. Ridhimu pekee ndiye hakuwahi kuisikia sauti hiyo, maana kila friji ilipokuwa ikipiga, yeye alikuwa ukumbini akiipigisha.

"Ilikuwaje?" alimuuliza jirani.

"Tamu! Ila mtu kakosea kidogo pale mwishoni."

"Nani kakosea?"

"Si wewe? Nani mwingine yumo humo ndani?"

Siku moja ya mazoezi alimfuata Radi. Alikuwa ameyapanga maneno tangu asubuhi, na yalipotoka yalitoka machache.

"Naomba nisikike."

Radi alicheka vizuri tu, bila ubaya. "Ridhimu, mdogo wangu. Wewe ni msingi wa nyumba. Umewahi kuona mgeni anakuja anasifia msingi?"

Ridhimu alifungasha gitaa lake. Jibu lilimjia akiwa amekwisha kupita kona ya duka la dawa, anaburuza kitoroli: aliwahi kuona nyumba isiyo na msingi, na wageni waliizungumzia sana. Alisimama pale pale, akalisema kwa sauti. Muuza dawa akamwuliza anahitaji nini.

Halafu ikaja habari ya rekodi. Onyesho moja lingerekodiwa pale pale ukumbini, watu wakiwepo, na hiyo ndiyo ingekuwa albamu ya bendi. Kitakachosikika siku hiyo kingebaki. Kisichosikika kingekuwa hakijawahi kupigwa. Ridhimu aliyafikiria mapigo yake ya ngazini. Hakutaka sifa, wala jina lake liandikwe mahali. Alitaka yawemo.

Kwa kuwa kwa Radi mlango ulikuwa umefungwa, alikwenda kwa fundi mitambo, akamweleza habari ya friji.

Fundi aliendelea kusafisha soketi kwa brashi ya meno. "Milango mingapi?"

"Mmoja."

"Friza ipo ndani au juu?"

"Ndani."

"Hizo zina sauti nzuri. Basi iletwe."

Ililetwa kwa mkokoteni, shangazi akitembea kando yake, mkono mmoja juu ya mlango kana kwamba anamsindikiza mgonjwa. Barafu alikataa kuitoa. Alisema tupu itatoa mwangwi. Waliipandisha jukwaani, wakaichomeka umeme, wakaiweka kati ya Kishindo na mpiga besi. Fundi alisimamisha kipaza sauti mbele ya mlango, akakisogeza kidogo pembeni, maana katikati kabisa ya spika, alisema, sauti huchoma. Radi aliitazama friji, akauliza kama ndani kuna maji baridi. Shangazi akampa kifuko. Akashukuru.

Shangazi alipewa kiti nyuma ya friji, kazi yake iwe mlango: kwenye beti afungue kidogo, kwenye kiitikio afungue wote.

Walipojaribu vyombo, fundi alimshusha Ridhimu kwenye spika za ukumbi kama ilivyokuwa desturi, na sauti, ilipokosa pa kukaa, ikaingia kwenye friji. Safari hii haikuwa mbali. Ridhimu akaisikia. Ilikuwa ngumu na safi, yenye baridi kidogo ukingoni, na ilikuwa yake. Aliijua kama mtu anavyokijua kikohozi chake katika chumba cha watu wengi. Alipiga pigo moja, akangoja lizimike lote, akapiga lingine. Shangazi alichungulia kutoka nyuma ya friji.

"Umeona? Ndiyo hiyo tunayokula nayo kila Jumamosi."

Ukumbi ulijaa. Nyimbo za mwanzo zilikwenda kama zilivyopangwa. Shangazi alifungua na kufunga kwa wakati wake, amekaza midomo kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, na watu waliokaa mbele walianza kutikisa vichwa kwa kufuata friji. Mwanamume wa vinywaji alisimama tena. Mbele, Radi alikuwa amefumba macho katikati ya solo yake. Akafumbua jicho moja. Akamtazama fundi, akaelekeza kidole chini.

Fundi alimtazama Ridhimu. Akamtazama Radi. "Mimi namsikiliza kiongozi," alimwambia Ridhimu baadaye. "Masikio yangu huyaacha nyumbani." Mkono wake ukaishusha friji.

Shangazi alifungua mlango wote. Fundi akashusha tena. Shangazi akatoa vifuko vya barafu, kimoja kimoja, akaviweka mapajani ili sauti ipate njia, na fundi akashusha mpaka palipokuwa hapana pa kushusha zaidi. Sauti ilikaa humo kitambo kidogo, kama mtu anayetafuta kandambili zake, halafu ikaondoka. Shangazi aliingiza kichwa ndani, akasikiliza, akatoa kichwa. Akakitikisa.

Wimbo uliofuata ulikuwa ule mkubwa. Kishindo aligonga fimbo zake, na Ridhimu akaanza mapigo ya ngazini, peke yake, mbele ya watu wote na mbele ya rekodi. Aliyapiga yote. Hakuruka hata moja. Kilichosikika ni plastiki ngumu ikigusa nyuzi nene, tik, tik, na nyuma yake mota ya friji ikinguruma taratibu. Maji ya barafu yalikuwa yakichuruzika kwenye gauni la shangazi. Kisha Radi akaingia kwa nguvu zote, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe.

Albamu ilipotoka ilipendwa. Wajuzi wa muziki walisifu hasa mwanzo wa ule wimbo, ule mngurumo wa chini wa ajabu ambao bendi nyingi zilijaribu kuuiga zikashindwa. Radi alipoulizwa redioni alisema wazo lilimjia akiwa anakunywa maji baridi. Aliagiza friji ya bendi, kubwa, ya milango miwili. Husimama jukwaani kila Jumamosi, mbele ya kipaza sauti, na Ridhimu hupiga karibu nayo.

Ya shangazi ilirudishwa nyumbani. Haijapiga tena. Majirani walikuja na viti Jumamosi mbili, wakangoja, wakanunua barafu kwa heshima, wakaacha kuja.

"Imekuwa bubu kabisa," shangazi alisema. "Hata mayai yananitazama tu."

Mwezi uliofuata msusi mmoja wa upande wa pili wa mji alikuja kununua barafu, akakaa kidogo kupumzisha miguu. Alisimulia kwamba saluni kwake tangi la maji linapiga gitaa kila Jumamosi alasiri. Lilianza siku ile bendi ya ghala la matairi iliporekodi, na wimbo wa kwanza lilioupiga ulikuwa na mwanzo mzuri sana, gitaa tupu. Wateja wanaooshwa nywele hukataa kuinuka. Shida ni moja tu: besi. Imezidi kwa tangi, mabomba yanatetemeka, povu linawaingia watu machoni. Kama kuna mtu anamjua huyo mpigaji, amwambie apunguze kidogo.

Shangazi alifikisha ujumbe wakati wa kula. Ridhimu aliuliza tangi ni la plastiki au la bati. La bati, shangazi alisema.

Jumamosi iliyofuata alipiga magoti mbele ya amplifaya, juu ya kreti lake la soda, akaishusha besi kidogo na kupandisha sauti ya kati, kwa ajili ya bati. Akasimama, akakaza mkanda wa gitaa. Walipiga onyesho zima. Ukumbini hakuna aliyesikia tofauti.