Skafu ya Sukari

Tangu utoto wake hakuweza kukaa kitako dakika kumi bila kuchokonoa kitu. Kaka yake alimbandika jina la Tarakimu kwa sababu alihesabu kila kilichopita mbele yake: ngazi, vigae, hata mara ambazo mgeni amekohoa. Kazini alikuwa fundi wa mitandao, na mikono ikimwasha wakati anangoja kompyuta za watu ziwake, alifuma. Si maua wala vipepeo. Alishafuma kofia yenye ramani ya nyaya za ofisi nzima. Alishadarizi kwa vimisalaba ule ujumbe wa hitilafu anaoulalamikia mhasibu kila Jumatatu, akautia fremu na kumtundikia juu ya meza.

Safari hii alikuwa anafuma sukari ya mama yake.

Kila asubuhi mama, aliyeshona kwa cherehani miaka arobaini, alitakiwa ajitoboe kidole, apime, aandike daftarini, kisha amtumie binti namba kwa simu. Binti anafuma mstari mmoja wa skafu kwa siku. Chini ya saba, uzi wa kijani. Saba mpaka kumi, njano. Ikizidi kumi, chungwa. Ikipita kumi na tano, nyekundu. Na leo saa nane mchana ilikuwa kliniki. Daktari alishasema daftari likionyesha sukari imetulia, atapunguza dozi ya sindano.

Asubuhi hiyo Tarakimu aliitandaza skafu juu ya meza ya kazini ili aone imefika wapi. Huku mwanzoni rangi zilikwenda shaghalabaghala, kama mwili wa mtu unavyokwenda. Kisha mistari saba, halafu mwekundu mmoja, halafu ile saba tena. Kijani, kijani, njano, kijani, njano, njano, kijani. Na tena. Na tena.

"Umefuma bendera?" mwenzake wa meza ya pili akauliza.

"Ni mwili wa mama yangu huo."

"Basi mama yako ana kiwanda. Hiyo imepigwa chapa, dada."

Tarakimu akafungua simu, akashusha ujumbe wa wiki tatu. Namba zilikuwa zilezile mpaka nukta. Alizipokea mojamoja kila asubuhi, akazifuma, asishtuke. Akapiga simu, mama hapokei. Akapiga tena. Lifti ikachelewa, akashuka kwa ngazi, na kwa mara ya kwanza hakuzihesabu.

Nyumbani alimkuta mama amekaa kwenye cherehani, tayari amevaa nguo za kliniki. Kaka alikuwa mlangoni anatafuna mkate, amekuja kumpeleka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefukuzwa kazi?"

Tarakimu akatandaza skafu juu ya cherehani. Mama akashusha miwani, akapitisha kidole mstari hadi mstari, kama anakagua kitambaa dukani.

"Ua linajirudia," akasema. Mtu aliyeunganisha maua ya vitambaa maisha yake yote angejifanyaje hakuona?

Kaka akavuta futi ya kupimia, akailaza juu ya mistari. "Njia ya mwongo fupi, wanasema. Hii ina sentimita kumi na mbili."

"Nyamaza wewe," wakamjibu wote wawili.

"Mama, ulipima lini mara ya mwisho?"

Mama akagusa uzi mwekundu. "Siku hii. Ilisema kumi na nane. Nikasema mashine imepandwa na wazimu, ipumzike. Nikaandika za wiki iliyotangulia. Zilikuwa nzuri."

"Akikupunguzia dozi leo je?"

"Akiniongezea je? Mtasema naumwa sana, niache cherehani."

"Nani kasema?"

"Wewe. Mwezi uliopita, jikoni, ukimwambia kaka yako. Ulidhani cherehani ikilia mimi sisikii."

Tarakimu akaleta kipimo. Mama akajitoboa kidole bila hata kukitazama. Zile sekunde tano za kungoja jibu, binti alizunguka kiti mara mbili.

Ishirini na moja nukta mbili.

Kaka akaacha kutafuna. "Saa nane mbali. Tunakwenda sasa hivi."

Tarakimu akaivuta skafu, akachomoa sindano ya kufumia, akaanza kufumua ile mistari ya uongo. Mama akampiga kofi mkononi.

"Acha. Ukifumua, daktari nitamwonyesha nini?"

"Daftari si lipo?"

"Daftari limenisaidia kudanganya. Hii inaonyesha mpaka siku niliyoanza." Akazirudisha zile nyuzi kwenye sindano, kitanzi kwa kitanzi, akaikunja skafu na kuisukumiza mkobani. "Na hilo la cherehani?"

"Sijui, mama."

"Hapa mpaka kliniki ni mbali kidogo. Utajua njiani."

Akatangulia kutoka. Tarakimu akamfuata, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.