Kipimo cha Kivuli

Nilipogeuka, mwanamume mmoja alikuwa amepiga goti nyuma yangu, anapima kivuli changu kwa kamba.

Ncha moja alikuwa ameibana kwa jiwe karibu na visigino vyangu. Ya pili ameivuta hadi pale kichwa cha kivuli kilipoishia, na sasa alikuwa anafunga fundo. Hakushtuka kuonekana. Aliikunja kamba taratibu, akaitia mfukoni, akaniamkia, "Habari za asubuhi, binti," kisha akarudi kwenye ukuta wake uliojengwa nusu.

Mimi nilibaki nimesimama na penseli mkononi, mbele ya nyumba ya buluu niliyokuwa naichora. Halafu nikacheka. Bibi yangu kule milimani Rodopi alitukanya tangu utotoni: ukuta ukikataa kusimama, waashi huiba kivuli cha mpita njia kwa kukipima kwa kamba, wakaizika kamba hiyo ndani ya chokaa. Ukuta husimama. Mwenye kivuli hamalizi siku arobaini. Sisi watoto tulikuwa tukipita penye ujenzi tunakimbia tumeinama, vicheko vimetujaa. Sasa nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa kuchora, na mambo ya bibi niliyaacha kwa bibi.

Basi nikateremka zangu mtaa wa Kapana.

Nilikuwa mjini Plovdiv peke yangu, na nilitaka iwe hivyo. Mimba mbili zilikuwa zimeniharibikia. Ya tatu ilikuwa imeingia mwezi wa tatu, na mume wangu Lyuben, aliyekuwa akiendesha malori Uhispania, hakujua. Mara mbili nilimpa habari njema, na mara mbili nikampigia tena simu kumwambia asisubiri kitu. Sikuwa na ulimi wa kusema mara ya tatu. Daktari wa Plovdiv alitaka kuniona mwanzo wa wiki na mwisho wake, na katikati akasema nitembee polepole, nipate hewa. Nikapanga chumba kwa Bibi Genoveva juu kwenye mji wa kale, nikatembea na daftari langu la michoro.

Kapana kila ukuta una picha. Samaki mwekundu ameenea juu ya maduka matatu, na vijana wamekaa chini yake na vikombe vya kahawa, hawana haraka na mtu. Niliagiza maji ya ndimu. Sijayamaliza, tumbo likanikata chini ya kitovu. Kidogo tu, halafu likaacha, halafu likarudi.

Jamani, nilipanda kile kilima kwa woga ambao sijawahi kuuonja. Njia ni ileile niliyoipita asubuhi. Lakini ghorofa za juu zilikuwa zimeinamiana juu ya kichwa changu, karibu zigusane, na mawe ya njia yalinitegua kila hatua. Kwenye milango kulikuwa na picha za marehemu, karatasi zenye ukingo mweusi. Kwetu tunazibandika siku zote, nimekua nazo, sizioni tena. Siku ile niliwaona wote, mmoja mmoja, nao walikuwa wananitazama mimi.

Bibi Genoveva alikuwa uani, anatoa kokwa za cheri, vidole vyekundu.

"Kahawa hunywi, pombe yetu ya rakia hunywi," alinichokoza. "Mwanamke anayekuja Plovdiv asiguse chochote, ama mtawa ama ana mimba. Na mtawa, samahani, huna sura hiyo."

Nikamsimulia habari ya kamba, nikijilazimisha kucheka. Yeye hakucheka. Aliweka kisu chini.

"Ukuta upi?"

"Wa nyumba ya buluu, pale chini ya lango."

"Ule umeshaanguka mara mbili. Mara ya pili ulimwangukia mdogo wake Asparuh, huyo fundi aliyekupima. Yuko hospitali mpaka leo, miguu haina kazi." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Kaichukue kamba yako, mwanangu. Sasa hivi, chokaa haijakauka."

"Kwani Bibi unaamini mambo hayo?"

"Siamini," alisema. "Nenda."

Nilimkuta Asparuh peke yake, anasawazisha chokaa kwa mwiko. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye uso wa upole, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Baba, naomba kamba yangu."

"Imeshaingia." Hakunitazama.

"Watu wote hawa wanaopita, kwa nini mimi?"

Alifikiri kama mtu aliyeulizwa swali la haki. "Nakuona siku zote hizi. Unakuja peke yako, unaondoka peke yako, husimami kuongea na mtu, simu yako hailii. Nikasema, huyu hana wa kumlilia."

Maneno yale yaliniuma kuliko tumbo.

"Nina mimba," nikamwambia. Ukiacha daktari, alikuwa mtu wa kwanza kunisikia nikilitamka.

Mwiko ukamtoka. Alitazama tumbo langu, ambalo halikuwa na la kuonyesha bado, akafanya ishara ya msalaba.

"Sikujua, binti."

"Sasa umejua."

Alichukua nyundo na kuibomoa mwenyewe sehemu ya ukuta aliyoijenga tangu asubuhi. Jiwe la pembeni lilipotoka, akachomoa kamba, nyeupe kwa chokaa. Niliichoma palepale kwa kiberiti chake. Maumivu hayakuisha papo hapo, nisitie chumvi. Yaliisha kesho yake.

Nilitaka kuondoka, akanizuia kwa mkono.

"Kesho vijana wangu wanapanda juu ya ukuta huu kupandisha boriti. Nitaujenga tena leo, lakini bila kivuli hautawabeba." Alitoa kipande kingine cha kamba, akanishikisha, akalipa jua mgongo. Kivuli chake kikalala njiani mbele yake. "Mtu hawezi kujipima mwenyewe. Nipime."

"Sifanyi. Tafuta mwingine."

"Nimtafute nani?" aliuliza. "Mwingine aliye peke yake?"

Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa anatazama chini ya njia. Msichana mmoja alikuwa anapanda, begi mgongoni, ramani mkononi, peke yake. Kila baada ya hatua chache alisimama kuzitazama nyumba, akitabasamu.

Nilipiga goti. Niliibana ncha ya kamba kwenye kisigino cha Asparuh, nikaivuta mpaka kichwa cha kivuli chake, nikafunga fundo, nikampa. Msichana alitufikia, akatusalimia kwa Kibulgaria cha kubabaisha, akapita.

Binti yangu Rumyana alizaliwa Desemba, mzima, kelele tele. Bibi Genoveva alipiga simu kunipongeza. Aliniambia ukuta umesimama na umepakwa buluu, boriti zimekaa vizuri, na ndani sasa wanatundika picha za wachoraji. Tuliongea sana siku ile, habari za maziwa, habari za meno, habari za Lyuben aliyerudi nyumbani kwa furaha.

Sikumwuliza habari za Asparuh. Naye hakuniambia.