Kikombe cha Mursik

Kwa wiki mbili Chelangat alikula ugali na sukuma bila chumvi, akanywa chai ya rangi katika boma lenye ng'ombe watatu wa kukamuliwa. Hapo Sosiot, kwa wafugaji, hiyo ni adhabu, na mama yake Tecla aliiona hivyo. Daktari wa Nairobi alikuwa amemtoa tezi ya shingo iliyoota kansa, akasema mabaki yatamalizwa na kidonge cha iodini yenye mionzi. Kansa ya aina hiyo hupenda iodini. Ikinyimwa ile ya kawaida, itakimeza kidonge kwa njaa, na mionzi itaiua humo ndani. Kwa hiyo maziwa hapana, mayai hapana, chumvi ya dukani hapana. Hata mtoto wake wa miezi minane, Kiptum, aliachishwa titi mapema, maana dawa hupitia huko. Chelangat alilia siku nne.

Tecla alivumilia wiki moja tu. Mama gani atakaa akitazama binti yake anaisha hivyo? Akamimina mursik, maziwa ya kugandishwa, kutoka kwenye kibuyu, ile iliyolala na mkaa siku nyingi, akasimama mlangoni na kikombe. Kwa hesabu yake daktari alikataza maziwa, na mursik iliacha kuwa maziwa zamani. Chelangat alikitazama kikombe kidogo, akanywa. Kesho yake pia, hadi siku ya tano.

Jumatatu asubuhi, mkoba umeshafungwa, simu ikalia. Alikuwa Yunia, nesi wa hospitali. Chelangat alikuwa akivaa viatu, akaweka simu kitandani kwa sauti ya juu, Tecla akisikiliza kando.

"Nauliza tu kabla upande gari," Yunia alisema. "Ulifuata chakula vile tuliandika?"

"Ndio, sister."

"Maziwa hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Sawa. Nasumbuanga sana watu wa huko kwenu. Ile dawa ya brown mnapaka ng'ombe kwa chuchu ni iodini. Inaingia kwa maziwa, na hata yakilala haitoki."

Tecla akatazama vidole vyake. Dawa hiyo aliipaka mwenyewe kila asubuhi. Kucha zake zilikuwa bado za kahawia. Akinyamaza, binti atameza kidonge bure na kansa itabaki imeshiba. Akisema, nafasi iliyongojwa miezi mitano inapotea leo. Aliogopa, tena aliona haya.

"Sister," akasema, "amekunywa mursik. Ni mimi nilimpea."

Yunia akajibu, "Basi asikuje, mama. Kidonge tutapea mwingine. Hii dawa haiwekwi, siku nane tu nguvu inabaki nusu. Nitatafuta tarehe ingine. Na mtoto asirudi kwa titi."

Chelangat alivua viatu.

"Sikujua," Tecla alisema. "Nilifikiria mursik si maziwa."

"Mimi nilijua, mama."

"Si ungekataa?"

"Ulikuwa umesimama hapo kwa mlango ukiningoja. Ningekuambia nini?"

Chumba cha pili Kiptum aliamka akaanza kulia, na Chelangat akakunja mikono kifuani, akayabana matiti yaliyoanza kujaa. Tecla akaenda jikoni kumpashia mtoto maziwa ya ng'ombe.