Marehemu Hapumui

Mtu akifa mara moja huliliwa. Akifa mara themanini na tatu hualikwa kwenye televisheni.

Ndivyo alivyoalikwa Marehemu, saa nne za asubuhi, akakalishwa kwenye kochi la rangi ya machungwa lililokuwa laini kupita kiasi, likammeza mpaka magoti yakawa juu kuliko tumbo. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mwigizaji, na katika miaka yote hiyo hakutokea mwongozaji hata mmoja aliyempa nafasi ya mtu anayefika mwisho wa mchezo akiwa mzima. Alikufa kwa sumu, kwa risasi, kwa nyoka, kwa kuangukiwa na kabati, na safari moja alikufa kwa furaha, pale alipoambiwa ameshinda kesi. Sokoni watu walimpisha njia. "Marehemu, shikamoo!" wauza nyanya walimwita, naye akaitika, "Marahaba," kama maiti aliyelelewa vizuri.

Hayo yote aliyachukua kwa moyo mweupe mpaka Jumatatu ya wiki hiyo. Jumatatu alikuwa anazunguka nyumbani kwake akitafuta kiatu cha pili, akamsikia binti yake anazungumza kwa simu na watu wa mchumba wake. Watu hao, ambao yeye alikuwa hajawatia machoni, walikuwa waje Jumamosi kuonana na wazazi wa msichana. Bila shaka waliuliza baba anafanya kazi gani, maana binti alikohoa, kisha akasema: "Baba? Baba anashughulika na mambo ya ardhi."

Marehemu akakaa chini na kiatu kimoja mkononi.

Ardhi! Kusema kweli mtoto hakudanganya sana. Katika mji ule hapakuwa na mtu aliyelala juu ya ardhi saa nyingi kumshinda yeye. Lakini neno lile lilimchoma, likakaa humo humo kama mwiba wa samaki, na tangu siku ile akaanza kujiuliza maswali ambayo mtu mwenye kazi yake hajiulizi. Hivi kujibwaga chini na kupakwa damu ya rangi ya keki kifuani ni kazi ya mtu mzima mwenye kipara? Seremala akimaliza kazi, pana meza. Mwalimu akimaliza, pana mtoto anayejua kusoma. Yeye akimaliza, anainuka, anajipangusa vumbi, anauliza chai iko wapi.

Basi akaamua. Atakwenda kwenye mahojiano yale na atasema mbele ya watu wote kwamba anaacha. Jumamosi wageni wakija watamkuta baba mstaafu, na mstaafu haulizwi mengi. Binti hatakuwa na haja ya kuficha kitu.

"Neno lenyewe ni moja tu," mkewe alimwambia asubuhi ile akimnyoosha kola. "Naacha. Usianze kulipamba."

"Nitalisema, mama watoto."

"Na usife."

"Nife nini tena? Si nimestaafu?"

"Nakujua mimi. Ukiona kamera tu, macho yanaanza kuzunguka."

Binti mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ametoka mapema kwenda kwa kina mchumba wake, kumsaidia mama wa kijana kushona mapazia, na alipoaga alimtoa baba yake hofu: watu wale asubuhi hawana habari na televisheni, ajisemee tu anavyotaka.

Mtangazaji alikuwa dada mwenye meno mazuri na karatasi ya maswali asiyoitazama.

"Mzee wetu, karibu sana! Leo tumekupata ukiwa hai?"

"Mpaka sasa hivi, mwanangu."

Wapiga picha watatu wakacheka. Kamera ya kushoto ikatikisika.

"Hebu tuambie, kufa kukoje?"

"Kunachosha."

Wakacheka tena. Marehemu akajivuta mbele ili akae kama mtu mwenye jambo, kochi likamrudisha nyuma. Akajivuta tena, safari hii akashika ukingo wa meza. "Mwanangu, leo nimekuja na jambo zito."

"Zito! Jamani, lisije likakuangukia kama lile kabati!"

Mpambaji, mama mnene aliyesimama pembeni na brashi ya poda, akajiziba mdomo kwa mkono.

"Nina mashaka na kazi hii," Marehemu alisema. Hakuwa anatania. "Mashaka ya kweli kabisa. Miaka ishirini na miwili ninakufa, na sijui kama ninaigiza au ninalala tu. Wenzangu wanapewa kulia, wanapewa kuposa, wanapewa kugombana na majirani. Hata kula wanakula. Mimi nilipewa sahani ya chakula siku moja tu, na ilikuwa na sumu!"

Mtangazaji alilala kwa kicheko juu ya mkono wa kiti. Wanja ulimchuruzika mpaka shavuni. Mpiga picha wa katikati aliiachia kamera, ikawa inaonyesha dari.

Marehemu akawatazama. Mtu akishazoeleka kwa vichekesho, hata akipiga yowe kwamba nyumba inaungua atapigiwa makofi. Kila alivyozidi kusema kweli, ndivyo walivyozidi kuvunjika mbavu. Akaona bora alitoe lile neno haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Kwa hiyo leo, mbele ya watazamaji wote, nataka kutangaza kwamba mimi naa—"

"Simu!" mtangazaji akadakia akifuta macho. "Tuna simu ya kwanza, mzee wangu. Shikilia hapo hapo usilimeze. Halo, karibu!"

Sauti ikatoka kwenye spika ya darini, sauti ya mwanamke, kavu kama chaki. "Huyo ndiye yule anayekufa?"

"Ndiye, mama. Tunaongea na nani?"

"Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nimestaafu, lakini hesabu hazijastaafu. Nataka kusema naye."

"Shikamoo, mwalimu," Marehemu akasema kabla hajafikiri, maana sauti ile ilimrudisha kwenye dawati la nyuma, yeye na kaptula yake.

"Marahaba. Ule mchezo wa mwaka juzi, ulipogongwa na pikipiki. Ulipumua."

Marehemu akaitazama dari.

"Nini?"

"Ulipumua. Tumbo lilipanda, likashuka. Mara mbili. Niliona kwa miwani, nikavua miwani, nikaona tena."

Marehemu alikuwa ameshaitwa mengi maishani, na mengi aliyameza. Lakini hili! Akasimama. Kutoka kwenye kochi lile hakukuwa kazi ndogo, ila hasira ilimpa ngazi.

"Mwalimu, heshima yako naiweka kichwani. Lakini sikupumua. Ule ulikuwa upepo. Shati lilikuwa pana."

"Upepo hauna mpangilio. Ule ulikuwa na mpangilio."

"Lilikuwa shati la shemeji yangu! Shemeji yangu ni mtu mnene!"

"Usimsingizie shemeji. Ulipumua."

"Mimi? Mimi niliyelala penye siafu? Mwalimu, siafu aliniingia sikioni, akatembea humo, akatafuta njia akatoka, sikupepesa jicho! Unajua kwamba maiti wa sumu halali kama maiti wa risasi? Wa sumu vidole vinajikunja. Wa risasi vinafunguka. Nani alinifundisha? Hakuna! Nilijifunza mwenyewe kitandani, mke wangu akihesabu kwa saa ya ukutani na kunitukana! Vijana wa siku hizi wanakufa macho wameyabana kama mtoto anayekunywa dawa. Maiti habani macho! Maiti ana haraka ya nini?"

Alikuwa ameinua kidole, anagombana na dari. Mtangazaji hakuwa anacheka tena. Alikaa mdomo wazi kama mwanafunzi aliyekuta somo tamu.

"Maneno hayafuti tumbo," mwalimu akasema. "Nina saa hapa ina mshale wa sekunde. Lala. Sekunde sitini. Ukipumua, hiyo kazi iache leo leo, maana miaka ishirini hujaiweza. Usipopumua nitakuomba radhi, na mimi kuomba radhi hakumo katika desturi zangu."

Tazama bahati inavyokuja imevaa nguo za ajabu. Lile neno lililokuwa limemkwama kooni tangu asubuhi, sasa alihitaji pumzi moja tu alitoe. Tumbo lipande kidogo, lishuke, basi: ameacha, na shahidi ni mwalimu. Mke angefurahi. Binti angepata baba wa kuonyesha watu.

"Unataka kifo gani, mwalimu?" Marehemu akauliza. "Tuseme cha moyo?"

"Chochote. Hesabu ni ile ile."

Akafa cha moyo. Mkono ulikwenda kifuani bila pupa, kama unatafuta kalamu mfukoni. Mkono wa pili ukaishika meza, ukaikosa, ukaishika tena, glasi ya maji ikacheza na tone lisimwagike. Magoti yakamsaliti moja baada ya jingine. Alipofika kwenye zulia mtangazaji alipiga ukelele, naye alijua fika ni mchezo.

"Moja," mwalimu akaanza. "Mbili. Tatu."

Zulia lilinuka kiwi cha viatu na biskuti. Hadi kumi hapakuwa na tabu. Ilipofika ishirini akajiambia: haya mzee, pumua, umalize kazi. Tumbo likakataa. Akaliamuru. Likakaa kimya kama jiwe la kusagia. Lilikuwa na heshima yake lenyewe, halikutaka kuingizwa katika mambo ya nyumbani. Ilipofika thelathini na moja, uzi wa zulia ukaanza kumtekenya puani. Na hapo hapo, kutoka unyayoni, kicheko kikaanza kupanda. Alijiona: mtu mzima, kipara kinang'aa kwa taa, amelala mbele ya maelfu ya watu huku mwalimu wa hesabu anamhesabia kitambi. Kicheko kikafika magotini. Kikafika kiunoni. Maiti mwenye kicheko ndani yake ni kama sufuria ya uji iliyokaliwa na mtu juu ya kifuniko.

"Arobaini na nne. Arobaini na tano."

Kwenye spika pakasikika mlango, kisha kitu kikaanguka, kisha sauti ya msichana: "Mama, kule nyuma nasikia unahesabu, nikadhani ni mita za pazi— Jamani! Huyo ni baba yangu! Amelala hapo tangu saa ngapi? Baba! Baba, pumua!"

Marehemu aliijua sauti ile tangu ilipokuwa ya kulilia maziwa. Ndipo akaelewa anagombana na nani. Mama wa kijana. Mapazia. Jumamosi.

"Arobaini na nane," mwalimu akasema, hakuruka hata namba moja. "Baba yako? Si ulituambia baba yako anashughulika na ardhi? Arobaini na tisa."

"Si huyo hapo yuko juu yake, mama! Baba, nakuomba, pumua!"

Mpiga picha wa kulia akateleza ukutani taratibu mpaka akakaa chini.

Zilibaki sekunde kumi. Baba mwenye busara angeinuka, angesema, mwanangu tulia, mimi mzima. Lakini mtoto amekwisha sema "baba yangu" kwa sauti kubwa, ndani ya nyumba ya watu wale wale, na aliyemwonyesha kwa kidole hakuwa mstaafu wa kitu chochote; alikuwa maiti, na maiti mzuri. Ainuke sasa kwa sababu gani? Akabaki amekufa. Chozi likamtoka jicho la kushoto, likapita juu ya pua, likadondoka kwenye zulia. La kicheko au la jambo jingine, hakupata nafasi ya kulichunguza.

"Hamsini na tatu. Naona chozi."

"Chozi si pumzi!" mpambaji akafoka kutoka pembeni, amesahau kwamba yuko kazini na watu wanamsikia.

Mwalimu akafikiri. "Kweli. Chozi si pumzi. Hamsini na nne."

Binti akaanza kuhesabu naye. Kwanza kwa hofu, halafu sijui hofu ilikwenda wapi, maana kufika hamsini na saba alikuwa anapiga kelele kama mtu aliye uwanjani, na mtangazaji naye, na mpambaji, na mpiga picha aliyekaa chini.

"Sitini!"

Kicheko kikatoka chote kwa pamoja, na kikohozi, na pumzi, na uzi wa zulia. Marehemu alijibiringisha, akaupiga mguu wa meza, glasi iliyokuwa imenusurika kifo cha moyo ikamwagika yote. Mwalimu akangoja makelele yapungue, kama anavyongoja mtu aliyezoea madarasa.

"Naomba radhi," akasema. Kisha akaongeza, "Kwa leo. Siku ya pikipiki ulipumua."

"Baba," binti akaingilia, anacheka huku anavuta kamasi, "mama nyumbani aliniambia leo unakuja kutangaza kwamba unaacha."

Marehemu akakaa kitako juu ya zulia lililolowa. Neno lilikuwa pale pale, mlangoni pa mdomo, na kamera zote zilizobaki na watu zilikuwa zinamtazama.

"Nani aache?" akasema. "Niache kazi, huyu mwalimu abaki anazunguka mjini anasema nilipumua?"

Mtangazaji akajaribu kuwaaga watazamaji, akataja kipindi kinachofuata, akashukuru huyu na yule. Hakuna aliyemsikiliza. Alikuwa katikati ya sentensi pale spika iliponguruma tena.

"Ulipumua, mkwe."

"Sikupumua, mkwe!"