Mbuzi Aliyevaa Watatu

Mbuzi wa Mzee Pandu wa kisiwa cha Makoongwe ndiye wa kwanza kuvaa watoto. Habari yake ilitoka ubaoni siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, kwa Kiswahili safi kisicho na doa: "Mbuzi wangu amevaa watatu, wawili majike. Anayetaka maziwa aje."

Ruweida aliisoma mara mbili. Mara ya kwanza alicheka peke yake, kiganja mdomoni. Mara ya pili hakucheka.

Ubao wenyewe haukuwa wa mbao. Ilikuwa programu ya kizamani, maandishi matupu, bila picha wala sauti, na mradi uliichagua kwa sababu mtandao wa visiwa vidogo haubebi zaidi ya maneno. Mtu aliandika tangazo lake kwenye simu, ndani ya kihariri; tangazo likapanda mpaka kompyuta ya ofisi ya mradi Wete; kisha likashuka kwenye kisomaji cha yule linayemhusu. Kisiwa Panza na Chokocho zinatazamana hivi, mtu akianika kanga huku, wa kule atakwambia ina jina gani. Lakini maendeleo ni maendeleo. Habari ya kuvuka yale maji ilibidi kwanza ipande hadi Wete, upande wa pili wa Pemba, ikapumzike ndani ya kompyuta, ndipo irudi ilikotoka.

Ruweida alikuja mradini na stashahada ya kompyuta na sauti isiyofika mlangoni. Kazi yake ilikuwa kumrekebishia kila mtu kisomaji na kihariri chake apendavyo, na kazi hiyo aliipenda, maana haikumtaka aseme. Mzee Pandu alitaka herufi kubwa. Akapewa. Akataka kubwa zaidi. Mwisho kisomaji chake kikawa kinaonyesha maneno matatu kwa skrini moja, na tangazo la mazishi akalimaliza watu wameshatoka makaburini. Wengine walilalamika kwamba salamu zinawachosha vidole, kwani Mpemba hawezi kumwambia mtu nyumba yako inaungua kabla hajamuuliza hali yake, ya wanawe na ya mavuno. Ruweida akawawekea kitufe: ukibonyeza S, salamu yote inajiandika, kutoka assalamu alaykum mpaka wa huko hawajambo. Wazee wakafikiri, wakaamua kwamba salamu ya mashine si salamu. Basi wakawa wanabonyeza S, halafu wanaiandika tena kwa mkono.

Lakini hayo yalikuwa ya pembeni. Ruweida aliomba kazi ile kwa ajili ya dada yake, Asya, aliyeolewa Kisiwa Panza. Mwaka juzi Asya alishikwa na uchungu maji yakiwa kupwa, wakamvusha kwa mtumbwi wa kasia, na mtoto aliyefika hospitali hakufika na pumzi. Sasa alikuwa na mimba nyingine, ya miezi tisa. Mradi ulikuwa na boti ya mashine pale Chokocho, na nahodha wake, Hafidh, aliamriwa asiing'oe nanga kwa simu ya mtu yeyote, kwa kuwa mwanzoni watu waliipigia simu iwapeleke harusini. Ingetoka kwa jambo moja tu: tangazo likitokea kwenye Ukurasa Mwekundu. Ukurasa huo aliutengeneza Ruweida kwa mikono yake. Kisomaji kilichambua matangazo kwa maneno, na yenye maneno ya hatari yakaruka juu, yakawa mekundu, na king'ora kikalia kwenye simu ya Hafidh. Kwenye orodha ya maneno hayo, juu ya "damu" na juu ya "kuzama", aliandika neno la kwao la kuzaa: kuvyaa.

Mambo yakaenda salama mpaka mkuu wa mradi, Bwana Talib, alipopata wazo.

Bwana Talib alizaliwa Konde, akakaa Unguja miaka mitatu, akarudi na miwani na masikio mapya. Masikio hayo hayakuweza tena kusikia kyakula bila kuuma. Alipoambiwa wageni wa makao makuu wanakuja kuukagua ubao, alilala na kuamka na hofu moja, kwamba wataona watu wanaandika kitwa badala ya kichwa. Akatia ndani ya kompyuta ya Wete kitu alichokiita Msafisha Lugha. Kila neno lisilokuwemo katika orodha yake, Msafisha alilibadili kuwa neno lililofanana nalo, na hakumuuliza mwandishi wala hakumwonyesha. Mtu aliandika hiki, akatuma, kikafika kile, na yeye akalala usingizi akijua amesema alichosema. Orodha ya Bwana Talib ilikuwa na neno kusanifu, na kustawisha, na kuratibu. Kuvyaa halikuwemo. Lililofanana nalo ni kuvaa.

Ndiyo maana mbuzi wa Mzee Pandu alivaa.

Siku hiyohiyo Ruweida alijikaza akaenda ofisini kwa mkuu, akasimama, akasema alilokuja nalo. Bwana Talib akamwambia aongee kwa sauti. Akaongea kwa sauti, yaani kama mtu wa kawaida anavyonong'ona. Bwana Talib akatabasamu, akasema kwamba mtu muungwana atasema kujifungua, na asiyejua atajifunza, ndiyo elimu hiyo. Akampa fomu. Ilikuwa Fomu ya Maombi ya Kuongeza Neno, na ilitaka neno, maana yake kwa Kiswahili sanifu, sababu, na sahihi ya mkuu. Ruweida aliijaza yote isipokuwa mahali pa sababu, ambapo aliandika "tafadhali". Fomu ikawekwa chini ya kopo la kalamu, na kopo likawekewa kalamu zaidi.

Akajaribu njia nyingine. Alimwandikia mavyaa, yaani mama mkwe, wa dada yake, Bi Kijakazi, akamwomba, siku ikifika, aandike kwamba Asya anajifungua. Bi Kijakazi alivyaa tisa na alikwisha pokea mikononi mwake nusu ya kisiwa. Jibu lake lilikuwa refu, na salamu zake mbili, moja ya kitufe na moja ya mkono. Kwa ufupi alisema: kujifungua, kwani mwanangu kafungwa na nani? Ruweida akamsihi basi aandike kuzaa. Bi Kijakazi akamfahamisha kwamba inayozaa ni mikarafuu.

Msafisha alifungwa kwa neno la siri alilolijua Bwana Talib peke yake. Visomaji na vihariri tu ndivyo vilivyokuwa mikononi mwa Ruweida. Kuongeza "kuvaa" kwenye maneno ya hatari hakukufaa, maana boti ingetoka kwa kila kanga mpya. Basi akafanya jambo moja dogo, na hakumwambia mtu. Aliona vibaya maneno ya watu yatupwe kama maganda. Akapanga kila tangazo linapofika, lile la asili, kama mwenyewe alivyoliandika, lihifadhiwe nyuma ya lile lililosafishwa. Na kwenye kisomaji chake mwenyewe, akibonyeza A, aliyaona ya asili. Jioni kabla ya kwenda nyumbani alibonyeza A, akasoma, akafurahi kama mtu aliyefungua barua kutoka kwao.

Wageni walifika Jumatatu saa tatu asubuhi. Walikuwa watatu, wakiongozwa na Bi Ghaliya, mama mtu mzima aliyeandika kila kitu katika kidaftari, hata idadi ya viti. Bwana Talib aliwasha projekta, ubao ukatokea ukutani. Ruweida aliwekwa pembeni kwenye kompyuta, abonyeze atakapoambiwa abonyeze.

Bwana Talib alianza na Ukurasa Mwekundu. Ulikuwa mweupe, hauna hata mstari. Akawaeleza wageni kwamba tangu usafi wa lugha uanze, dharura za uzazi visiwani zimeshuka mpaka sifuri. Alisema jambo hilo kwa unyenyekevu, kama mtu asiyetaka makuu. Bi Ghaliya akaandika sifuri.

Kisha akafungua Ukurasa wa Mavazi na Urembo. Huko kulikuwa na msongamano. Bwana Talib akasema kwamba mradi umewaamsha wanawake wa visiwani, wanataka kuvaa, na si ajabu mwakani wakafungua maduka. Mmoja wa wageni akaguna kwa kuridhika.

Ruweida alitazama ukutani. Matangazo matatu ya juu yalitoka Kisiwa Panza, kwa mtu mmoja.

La saa kumi na mbili na robo: "Asya anataka kuvaa tangu alfajiri. Tafadhali leteni boti."

La saa moja na nusu: "Asya hajavaa. Maji yamekwisha kumwagika. Boti iko wapi? Ni mimi, mavazi ya Asya."

Msafisha hakumjua mavyaa, ingawa yumo hata katika kamusi za shule. Kampa la karibu yake. Na chini ya kila tangazo palikuwa na jibu la mashine, lenye adabu zote: "Ahsante kwa tangazo lako la mavazi. Litasomwa siku ya Alhamisi."

La tatu lilikuwa la saa mbili na dakika arubaini: "Akivaa leo, Alhamisi mtakuja kumvisha nini?"

Alimtazama Bwana Talib, akafungua mdomo, akaita "Bwana" mara mbili, na mara zote mbili hakuna aliyesikia, kwa kuwa Bwana Talib alikuwa anaeleza maana ya kustawisha. Saa ya ukutani ilikuwa tatu na dakika ishirini. Chokocho boti imefungwa gatini, na Hafidh anatazama ukurasa mtupu kama alivyoamriwa.

Ruweida akashusha macho kwenye kompyuta, mahali alipozoea kusemea. Akafungua mipangilio ya visomaji. Palikuwa na swali alilojiandikia mwenyewe: maneno ya asili yaonekane kwa nani? Jibu lilisema: Ruweida tu. Akalifuta. Akaandika: wote.

Akabonyeza A.

Ukuta ulitulia kidogo, kama unavuta pumzi. Kisha tangazo la kwanza likachomoka kwenye Mavazi na Urembo, likaruka juu, likawa jekundu. Likafuata la pili, na la tatu. Yakafuata ya wiki nzima, ya Makoongwe na ya Kisiwa Panza, mmoja kavyaa pacha, mwingine kavyaa ndani ya mtumbwi, na mwisho, kwa herufi kubwa kuliko wote, mbuzi wa Mzee Pandu kavyaa watatu. Simu ya Bwana Talib, iliyounganishwa na king'ora, ikaanza kulia juu ya meza na kuzunguka kama mende aliyepinduliwa.

Bi Ghaliya aliacha kuandika. Akasoma lililo juu kabisa, polepole, silabi kwa silabi. "Asya ataka kuvyaa. Kuvyaa ndiyo nini?"

Bwana Talib alirekebisha miwani. Alisema ni hitilafu ya kiufundi.

"Ni kuzaa," akasema Ruweida.

Safari hii sauti ilifika mlangoni, na labda hata nje. Mwenyewe alishtuka nayo. "Asya ni dada yangu. Anavyaa tangu alfajiri. Mwaka juzi alivushwa kwa kasia, mtoto akafa."

Bwana Talib alimtazama, akautazama ukuta, akasoma yale matangazo matatu kwa mpangilio wake, na jibu la Alhamisi chini ya kila moja. Akainyakua simu, akampigia Hafidh, na bila salamu hata moja, jambo ambalo Pemba ni msiba peke yake, akasema kwa sauti ya Konde ambayo hakuna mtu ofisini aliyewahi kuisikia kwake:

"We Hafidh, wangoja nini? Mwana wa watu anavyaa huko!"

Hafidh alikuwa ameshang'oa nanga. King'ora kilimtoa gatini kabla ya simu. Kelele za mashine ya boti zikasikika mpaka Wete, ndani ya ile simu, na Bwana Talib akaendelea kuishikilia sikioni hata baada ya kukatika.

Wageni walikunywa chai. Bi Ghaliya alikata ile sifuri, akaandika namba nyingine, na baadaye taarifa ya makao makuu ilieleza kwa mshangao kwamba uzazi katika visiwa vidogo uliongezeka ghafla siku ya Jumatatu, kati ya saa tatu na dakika ishirini na saa tatu na dakika ishirini na moja, na ikapendekeza utafiti. Mbuzi alihesabiwa.

Ruweida hakunywa chai. Alikaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani, anasubiri. Saa sita ikapita. Saa saba akaswali, akarudi, akakaa palepale. Saa nane kasoro kumi tangazo likaingia. Lilianza na salamu ya kitufe, likafuatiwa na salamu ya mkono, ndefu kuliko siku zote, ikauliza hali ya kila mtu ofisini mpaka ya mlinzi, na Ruweida akaisoma yote neno kwa neno, kwa maana hakuthubutu kuruka chini. Mwisho kabisa, kwa mstari mmoja, Bi Kijakazi alisema:

"Asya kavyaa hospitali, mtoto mke, wote wazima. Mwambieni huyo wa nguo asije Alkhamisi."

Ruweida alilia kidogo, kimyakimya, kama alivyofanya kila kitu. Alipoinua uso akaona karatasi mezani pake. Hakujua imewekwa saa ngapi. Ilikuwa fomu yake, ina alama ya duara ya kopo la kalamu katikati, na sahihi ya mkuu chini. Mahali pa sababu, neno "tafadhali" limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, maana Bwana Talib ni mtu wa utaratibu. Juu yake kaandika, kwa mwandiko wa haraka:

"Mimi mwenyewe nilivyaliwa."